Skrini Ilisema Kizwite Imezima

Nina miaka kumi na tisa na nimestaafu. Mnaweza kucheka, hata mama alicheka. Lakini ni Injinia Mwaisaka mwenyewe aliyelitamka neno hilo mbele ya ofisi nzima, kwamba leo tunawaaga wastaafu wawili, Mzee Kazonda na Skola. Mzee Kazonda ni fundi wa laini, amepanda nguzo za umeme za Sumbawanga tangu mama yangu hajaolewa. Skola ni mimi. Nilikaa kwenye kompyuta na redio koli kwa misimu miwili ya mahindi. Tumeondoka siku moja, yeye kwa sababu ya umri, mimi kwa sababu meza yangu imehamishiwa Mbeya.

Wazo la kuandika si langu. Mzee alisema nyie mnaobaki muachiwe kitu cha kusoma. Nikamwambia basi aandike, akaniangalia kama nimemtuma akacheze harusini.

"Mkono wangu umezoea koleo," akasema. "Wewe si unaandika kila siku hayo mambo yako?"

Ni kweli, naandika shajara tangu kidato cha pili, kwa sababu kuongea mbele za watu kunanishinda. Sikujua kama anajua.

Nianze na siku ya kwanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu yakawa yale ambayo ndugu wakiyauliza mama anabadilisha mazungumzo. Kampuni ikatangaza kwamba inataka vijana wa kuingiza wateja kwenye kompyuta. Kipindi hicho kila kitu kilikuwa kinaingia kwa mkupuo, jenereta za Kichina kutoka Tunduma, redio, mitumba, na mashine za kusaga za watu binafsi. Mama anasema zamani mashine ilikuwa ya kijiji au ya misheni, mnapanga foleni na mnanyamaza. Sasa kwetu Kizwite, hapa hapa mjini, kila mtaa una mashine yake, na kila mashine inataka umeme, na umeme ukikatika hakuna anayenyamaza.

Niliingia ofisini nikiwa nimevaa sketi ya shule niliyoifumua nembo. Kompyuta zilikuwa bado kwenye maboksi. Injinia Mwaisaka, aliyetoka Mbeya kuja kuzifunga, alinisalimia kwa kunipa mkono, nikaushika kwa mikono miwili nikapiga goti, akashtuka. Halafu akaniuliza kama nimewahi kutumia kompyuta. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeiona kwa padri, imefunikwa kitambaa cha mezani.

Kabla ya hapo wateja walikuwa wanaishi kwenye vichwa vya wasoma mita. Mtu aliandikwa "nyumba ya mwalimu aliyehama, mlango wa kijani". Mlango ukipakwa rangi nyingine, mteja amepotea. Kompyuta haikutaka kusikia habari za mlango. Ilitaka namba ya mita, namba ya nguzo, na jina la transfoma inayomlisha. Kwa hiyo ilibidi mtu azunguke na mimi mji mzima anionyeshe ni nguzo ipi inampelekea nani, na mtu huyo akawa Mzee Kazonda.

Tulianza Kizwite, tukaenda mpaka Chala. Jambo la kwanza nililojifunza kazini na ninawaachia bila malipo: mbwa haogopi kofia ya kampuni. La pili, ukiwa na Mzee Kazonda usipange kufika mapema, kwa sababu ana ugonjwa wa salamu. Mtu akimsalimia anaweka chini alichoshika, anapiga makofi yale ya taratibu ya Kifipa, anauliza nyumba, anauliza ng'ombe, anauliza maharage. Nimemshuhudia yuko juu ya nguzo, amefunga mkanda, mama mmoja anapita na debe kichwani anasema shikamoo. Mzee akachomeka koleo kiunoni, akafuta mikono, ndipo akaitikia, kisha akauliza habari za mjukuu wake aliyekuwa na kikohozi. Nilipomwambia tunachelewa akanijibu, "Nikiwa juu sijaacha kuwa mtu, Skola."

Halafu kuna mnyororo. Huu nausema vizuri kwa sababu ndio sababu ya kuandika. Kwenye gari la mafundi kulikuwa na mnyororo mrefu, mwisho mmoja umefungwa kwenye chuma kinachopigiliwa ardhini. Mzee alikuwa hapandi nguzo kabla hajaurusha ule mnyororo ukalala juu ya nyaya. Kama laini imezima kweli, mnyororo unalala tu. Kama kuna umeme umebaki au unatoka kusikojulikana, unaondoka kwa mnyororo kwenda ardhini kabla haujaenda kwa mtu. Kuupigilia na kuurusha na kuushusha ni kazi, na wateja huwa wamesimama pale wanapiga miluzi. Mzee hakuwajali. Kwa mnyororo hakuwa na haraka, kama kwenye salamu.

Basi wateja wakaisha kuingizwa, na Injinia akatuonyesha kilichokuwa kinajengwa. Akabonyeza, na mji wetu wote ukatokea kwenye skrini, nguzo zote nilizotembelea na kufukuzwa na mbwa, na laini zimechorwa rangi. Kijani ina umeme. Nyekundu imezima. Mtu akipiga simu kwamba kwake giza, unaandika namba ya mita na kompyuta yenyewe inakuonyesha ni transfoma ipi, na majirani gani wako gizani pamoja naye. Zamani mafundi walikuwa wanazunguka na gari wakiuliza watu njiani. Nilisisimka jamani, sikuficha. Mzee Kazonda alisimama nyuma yangu na kabuti lake, akaweka kidole kwenye skrini, akasema, "Hii ya kona ya kanisa. Niliisimika mwenyewe." Akacheka peke yake.

Msichana wa redio koli alipoolewa na kuhamia Kirando, wakaniweka mimi. Mnijue nilivyo, mimi ni mtu ambaye darasani nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka kwa kuandika karatasi. Siku ya kwanza Mzee aliita, "Ofisi, ofisi," mimi nimebonyeza kitufe na sauti haitoki. Mafundi wote wanasikia kimya changu. Mzee akasema, "Skola, hata ukikohoa nitaelewa." Nikakohoa. Akasema, "Nimekupata." Tangu siku hiyo nikaanza kuzoea, kidogo kidogo, kwa sababu kazi yenyewe ilihitaji maneno machache tu. Fundi anachomoa fyuzi kwenye transfoma, ananiambia. Mimi nabonyeza, kipande cha laini kinageuka chekundu. Ananiuliza, "Imezima?" Namjibu, "Imezima." Anapanda.

Miezi ikaenda hivyo. Watu wa Sumbawanga wakaanza kusema siku hizi umeme ukikatika unarudi kabla uji haujapoa. Injinia alifurahi, mimi nilifurahi. Hakuna aliyeuliza huo muda uliopungua umetoka wapi.

Siku yenyewe ilikuwa kipindi cha upepo, mahindi yameshavunwa, baridi ile inayoingia mpaka kwenye meno. Upepo ulikata waya Kizwite, kati ya kona ya kanisa na mashine ya Mama Shija. Mama Shija ni Msukuma. Familia yao ilishuka na ng'ombe kule bondeni Rukwa, yeye akauza wa kwake akapanda huku juu na kununua mashine ya kusaga. Asubuhi hiyo walikwenda Mzee na Beno, dereva wa gari la mafundi, ambaye pia humsaidia kuvuta waya.

Mzee akaita. "Ofisi, fyuzi za transfoma ya kanisa nimeshachomoa."

Nikabonyeza. Kipande chote kikawa chekundu, nyumba chache, kinyozi, mashine ya Mama Shija.

"Imezima?"

"Imezima, Mzee."

"Haya mwanangu. Beno yuko kule kanisani anavuta waya, mimi napanda huku kwa Mama Shija."

Akaachia kitufe. Nikachukua chai yangu. Nikanywa funda moja, na hapo ndipo nikasikia nilichokuwa nimeshakisikia. Nyuma ya sauti ya Mzee kulikuwa na ngurumo. Yaani ile ngurumo ya mashine ya kusaga, nzito, haikatiki, kila mtu wa hapa anaijua kuliko wimbo wa taifa. Mashine ya Mama Shija inasaga. Nikaangalia skrini. Mashine ya Mama Shija, nyekundu.

Nikaita. "Mzee Kazonda. Mzee usipande." Kimya. Nikaita tena na tena. Redio huwa inabaki kwenye kiti cha gari, kwa sababu juu unahitaji mikono yote. Injinia alikuwa benki. Nilisimama nikatoka, nikachukua baiskeli ya mlinzi. Aliniuliza naenda wapi na baiskeli yake na sikumjibu, na mtu ninayemheshimu vile sijawahi kutomjibu.

Sikumbuki vizuri njia. Nakumbuka upepo ulikuwa unanirudisha, na sketi, na kwamba nilikuwa nalia bila sauti. Nilikuwa najiambia labda amerusha mnyororo. Mzee hapandi bila mnyororo. Nilipokata kona nikaona nguzo, na Mzee juu yake, amefunga mkanda, kabuti linapepea. Nikatafuta mnyororo kwenye nyaya. Haukuwepo. Na pale kwa kinyozi, chini kabisa ya nguzo, taa ilikuwa inawaka. Hafifu, ya njano, lakini inawaka mchana kweupe, na yeye ameipa mgongo.

Mbele ya mashine kulikuwa na foleni ya akina mama na ndoo na magunia. Wote wakageuka kuniangalia. Mzee alikuwa ameshashika koleo na mkono unakwenda kwenye waya. Nilifungua mdomo nimwambie acha, toa mkono, laini ina umeme. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Kilichotoka ni,

"Mzee Kazonda, shikamoo!"

Sijui kwa nini. Nadhani ni malezi. Sijawahi kumwanza mzee na neno lingine, na kinywa changu hakikujua njia nyingine ya kumwita. Foleni ikacheka. Mama mmoja akasema, "Huyu naye, salamu gani ya kupigia kelele kama mnada."

Na Mzee Kazonda, mkono uko karibu na waya kiasi ambacho sitaki kukifikiria, akaurudisha. Akachomeka koleo kiunoni. Akafuta viganja kwenye kabuti. Akageuka taratibu kunitafuta pale chini.

"Marahaba, Skola. Mbona uko huku? Nyumbani kuna nini?"

"Ina umeme," nikasema. Sauti ilikuwa imeisha, ikabidi kinyozi arudie kwa nguvu, hata yeye hajaelewa anachosema: "Anasema ina umeme."

"Si umeniambia imezima?"

"Mashine inasaga, Mzee. Angalia taa."

Akaangalia taa. Akasikiliza. Nadhani ngurumo ile alikuwa nayo masikioni muda wote, ila sisi watu wa hapa kipindi cha mahindi hatuisikii tena, kama mtu asivyosikia pumzi yake. Alishuka hatua kwa hatua, bila kugusa kitu, na alipofika chini akakaa kwenye gunia la mtu. Alikaa hapo kidogo. Kisha akaenda kwenye gari akatoa mnyororo, akapigilia chuma, akawaambia akina mama wasogee, akaurusha.

Ulipogusa nyaya kulipiga mlio mmoja mkavu, na cheche za bluu. Taa ya kinyozi ikazima. Nyuma ya ukuta wa mashine jenereta likakohoa, likafa, na ngurumo ikaisha. Hakuna aliyecheka. Foleni nzima ilisikia upepo tu.

Yule mama wa mnada akashusha ndoo yake. "Kwa hiyo ningekula ugali wa mahindi yaliyosagwa juu ya maiti," akasema, polepole, kama anajiuliza mwenyewe. Hakumaliza kusaga siku hiyo. Aliondoka na mahindi yake.

Mama Shija alitoka akiwa mweupe kwa unga mpaka kope. Akasema fundi aliyemletea jenereta alimwambia achomeke tu ukutani, itawasha mashine na taa zote. Na kweli iliwasha, mpaka za majirani, yeye akadhani ndiyo uzuri wake. Hakuna aliyemwambia kwamba umeme ukiingia kwa njia ile unatoka tena nje kwenye nguzo, isipokuwa kama kuna swichi ya kutenganisha. "Watu walikuwa na foleni, ng'wanawane, mwanangu," akaniambia. "Watoto wao hawajala." Akamwangalia Mzee, akajifunika uso na kanga.

Mimi nilikuwa nimesimama na baiskeli ya mlinzi, sijui niiweke wapi. Nikamuuliza Mzee lile lililokuwa linanichoma.

"Kwa nini hukurusha mnyororo?"

Akauangalia mnyororo pale juu.

"Mwanzoni nilikuwa narusha," akasema. "Ukisema imezima, narusha, nakuta kweli imezima. Siku nyingine tena, kweli. Kila siku kweli. Nikajiambia huyu mtoto hakosei. Nikaacha."

"Lini?"

"Zamani, Skola. Toka mwaka jana."

Sijawahi kushtuka vile, hata taa ilipokuwa inawaka sikushtuka vile. Miezi yote hiyo nimekuwa nikisema neno moja huku nakunywa chai, na mtu anatundika maisha yake juu ya neno hilo, na mimi sijui. Mimi niliyeshindwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Na nilikuwa najua kutoka wapi kwamba imezima? Kutoka kwenye skrini. Na skrini imejua kutoka wapi? Kutoka kwa Mzee, aliponiambia amechomoa fyuzi. Yeye alinipa, mimi nikaipa kompyuta, kompyuta ikanirudishia mimi, mimi nikamrudishia yeye, na kila mmoja wetu akadhani mwenzake ameangalia.

Nilirudi ofisini kwa gari, baiskeli nyuma. Kiti changu kilikuwa kama nilivyokiacha, chai imepoa. Na skrini ilikuwa bado inasema kipande kile chekundu. Tangu asubuhi ilikuwa inasema hivyo hivyo, wakati taa inawaka kwa kinyozi, wakati mkono wa Mzee unakwenda kwenye waya, wakati cheche zinaruka. Nyekundu, nyekundu, imetulia. Nilikaa mbele yake mpaka Injinia aliporudi.

Injinia Mwaisaka si mtu mbaya na nisingependa mumsome vibaya. Alisikiliza yote amesimama na bahasha za benki mkononi. Akaniuliza, "Nani alikuambia laini ina umeme?"

"Mashine ya kusaga."

Akavuta kiti akakaa, akaanza kutafuta kwenye kompyuta ni wapi mtu anaweza kuandika hilo. Sehemu ya fyuzi ipo. Ya mita ipo. Ya hali ya hewa ipo. Alitafuta mpaka akachoka. Mwishowe akapata kisanduku cha maoni, akaandika: *Sumbawanga: sikiliza kwanza mashine.* Akasoma alichoandika, akajicheka, halafu hakucheka tena. Kesho yake wote tuliitwa, akasema hakuna mtu kupanda bila mnyororo, hata skrini ikisema nini, hata Skola akisema nini. Wiki hiyo hiyo walianza kuzunguka kwenye mashine zote zenye jenereta kuangalia zimeungwa vipi. Mama Shija ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga swichi ya kutenganisha, na kila anayekuja kusaga anaonyeshwa, atake asitake.

Mzee na mimi tuliendelea, ila maneno yalibadilika. Hakuniuliza tena kama imezima. Alikuwa anaita, "Ofisi, mnyororo uko juu. Unasikia nini?" Nilikuwa nimeshazoea kuacha dirisha wazi, baridi na yote. Namwambia nasikia upepo, au nasikia mashine ya upande wa soko, au nasikia Beno anatafuna. Ndivyo tulivyofanya kazi mpaka mwisho.

Kwenye sherehe yetu kulikuwa na wali, kuku, na dagaa wa Kirando ambao yule msichana wa redio aliwatuma. Mzee alipewa nafasi ya kusema, akasema kwa kirefu, akasalimia kwanza wote waliokuwepo na wengi ambao hawakuwepo. Alipofika kwenye ile siku ya Kizwite akasema aliogopa. Alisema hivyo tu, mbele ya mke wake na wajukuu: "Niliogopa, na bado naogopa." Kisha Injinia akasema zamu ya mstaafu mdogo. Nikasimama. Nilikuwa nimeandika hotuba, nilikuwa nayo mkononi, na sauti haikutoka. Mzee akasema kutoka mezani, "Kohoa, tutaelewa," watu wakacheka, na mimi nikawa bado nimesimama pale.

Hapo redio koli ikaita pembeni. Ilikuwa sauti ya kijana wa Mbeya, mchangamfu, ndiye aliyechukua meza yangu.

"Sumbawanga, mambo. Kuna waya umedondoka upande wa Chala. Fyuzi zimeshachomolewa, kipande kimezima. Mnaweza kwenda kupanda."

Beno sasa ndiye fundi wa laini. Akaweka sahani chini. Ukumbi mzima ukaniangalia, na nilikuwa nimeshasimama tayari, kwa hiyo nikaenda nikabonyeza kitufe.

"Mbeya, unasikia nini huko Chala?"

"Sisikii kitu, dada. Naona tu. Imezima."

Nikaachia kitufe. Beno alikuwa ameshatoka mlangoni. Tulinyamaza wote, hata watoto, mpaka tulipousikia mnyororo ukiburutwa kwenye bati la gari, Beno akihakikisha upo.